Kocha mpya amekuja, timu imeshinda: ni yeye au ni ratiba?

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na benchi letu la uchambuzi

Mimi ni mnazi wa Manchester United kindakindaki. Kila tukipata kocha mpya tunashinda mechi tano sita, mtaa mzima hatulali, halafu tunarudi kulekule. Nisubiri mechi ngapi ndipo niamini kwamba kocha amefanya kazi? — Msomaji, Mwanza

Kufurahi, furahi tangu ya kwanza, hakuna wa kukukataza. Kuamini ndiko kunakotaka daftari.

Tuchukue msimu wa 2018/19, maana hesabu zake ziko wazi. José Mourinho alitimuliwa tarehe 18 Desemba 2018, United ikiwa nafasi ya 6 na pointi 26 kwa mechi 17. Kesho yake akaletwa Ole Gunnar Solskjær kama kocha wa muda. Akashinda mechi 8 za kwanza za mashindano yote. Kwenye ligi akaenda mechi 12 bila kupoteza: ushindi 10, sare 2, pointi 32 kati ya 36. Machi akaitoa PSG kwao Paris kwa 3-1 baada ya kufungwa 2-0 nyumbani Old Trafford, na tarehe 28 mwezi huohuo akasainishwa mkataba wa miaka mitatu.

Sasa fungua ratiba. Mechi tatu za kwanza za ligi zilikuwa Cardiff (5-1), Huddersfield (3-1) na Bournemouth (4-1). Cardiff na Huddersfield zilishuka daraja msimu uleule, na Fulham, iliyochapwa 3-0 Februari, ikashuka nazo. Wiki mbili za mwisho za ligi, mwezi Mei, United ikakutana tena na Huddersfield na Cardiff. Ikatoka sare 1-1 na ya kwanza, ikafungwa 2-0 nyumbani na ya pili. Kocha yuleyule, wapinzani walewale, na wapinzani wenyewe walikuwa wameshashuka.

Gawanya pointi kwa mechi uone. Mourinho: 26 kwa 17, yaani 1.53. Solskjær katika mechi 12 za mwanzo: 2.67. Katika 9 zilizobaki alipata pointi 8 tu, yaani 0.89. Zote 21 kwa pamoja: pointi 40, wastani 1.90. Mtaa uliimba ile 2.67, kisha ukalaani ile 0.89. Kocha mwenyewe alikuwa kwenye 1.90, na hata hiyo ilikuwa na chumvi kidogo: msimu uliofuata, akiwa na timu tangu maandalizi, alimaliza na pointi 66, idadi ileile ya msimu wa makocha wawili. Bahati yake safari hiyo pointi 66 zilitosha nafasi ya 3.

Hii haina maana kwamba hakubadilisha kitu. Alibadilisha, na kilionekana. Paul Pogba, ambaye Mourinho alimweka benchi mechi nzima dhidi ya Liverpool Desemba ile, aliachiwa acheze juu zaidi upande wa kushoto, nyuma yake wakabaki Nemanja Matić na Ander Herrera kufagia. Akafunga mabao 2 dhidi ya Huddersfield na 2 dhidi ya Bournemouth. Mpira ukatoka nyuma haraka kumtafuta Marcus Rashford mbio. Ubaya ni kwamba mpango wote uliegemea miguu ya Herrera na Matić. Tarehe 24 Februari dhidi ya Liverpool, Matić tayari alikuwa majeruhi. Herrera, Juan Mata na Jesse Lingard wote wakatoka kabla ya mapumziko. Ikapatikana suluhu ya kishujaa, lakini baada ya hapo kiungo hakikuwa kile tena.

Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike matokeo peke yake. Kwa kila mechi weka: mpinzani na nafasi yake kwenye msimamo, nyumbani au ugenini, mashuti yaliyolenga lango, ya kwenu na ya kwao, mabao yaliyotokana na penalti, kona na faulo, siku za mapumziko tangu mechi iliyopita, na nani hakuwepo. Kisha tafuta mechi pacha, yaani mpinzani yuleyule, uwanja uleule, chini ya kocha aliyepita. Ikiwa mlipata sare kwa Burnley ugenini msimu uliopita na safari hii mmeshinda, hizo ni pointi 2 za faida. Mkishinda mechi ambayo hata kocha aliyefukuzwa aliishinda, faida ni sifuri, hata kama mmefunga matano.

Safu ya mashuti ndiyo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayosema ukweli mapema. Januari 2019 United ilishinda 1-0 dhidi ya Tottenham pale Wembley, na David de Gea akaokoa michomo 11. Pointi 3 ni halali. Lakini timu inayomwachia kipa kazi ya namna hiyo haijatengenezwa bado.

Tukubane kwa namba? Subiri mechi 12 za ligi, nusu yake ugenini, na angalau 4 ziwe dhidi ya timu za nusu ya juu. Chini ya hapo unapima ratiba.

Mimi Chelsea, mke wangu United. Tuchel alikuja na mabeki watatu tukabeba Ulaya. Amorim naye akaja na mabeki watatu, mfumo uleule, wakamaliza wa 15. Mke wangu anasema ni wachezaji, mimi nasema ni kocha. Tuamulieni. — Msomaji, Zanzibar

Shemeji yetu yuko karibu zaidi na ukweli, ila na wewe hukukosea kabisa.

Thomas Tuchel alitangazwa tarehe 26 Januari 2021 na kesho yake akakaa benchi dhidi ya Wolves. Suluhu. Chelsea ya Frank Lampard ilikuwa na pointi 29 kwa mechi 19 na imeruhusu mabao 23. Mechi 19 zilizofuata chini ya Tuchel: pointi 38, mabao 13 tu, na kati ya hayo 13, matano yaliingia siku moja, tarehe 3 Aprili, West Brom iliposhinda 5-2 baada ya Thiago Silva kupewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza kupoteza, baada ya 14. Tarehe 29 Mei mjini Porto, Kai Havertz akaifunga Manchester City bao pekee la fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Kwa nini ulinzi ulikaa sawa haraka hivyo? Chini ya Lampard mabeki wote wawili wa pembeni walipanda, na mpira ukipotea nyuma mlibaki na mabeki wa kati wawili na kiungo mmoja wa kukaba, mara nyingi akiwa katikati ya uwanja mpana peke yake. Tuchel aliweka mabeki wa kati watatu na viungo wawili mbele yao. Mpira ukipotea, watu 5 tayari wako mahali pao, na umbali kati ya mmoja na mwingine ni mfupi. Jambo hilo halihitaji miezi. Ni maelekezo ya kusimama wapi, na mchezaji mzoefu hulishika kwa siku chache. Kufunga mabao ndiko kulikochelewa: washambuliaji wake waliendelea kupapasa mpaka mwisho wa msimu.

Lakini mfumo huo wa 3-4-2-1 (mabeki watatu, wanne katikati, wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja) una nafasi mbili zisizosamehe. Ya kwanza ni ya pembeni: mtu mmoja anafanya kazi ya beki na ya winga, dakika 90. Tuchel alimkuta Reece James kulia, Ben Chilwell na Marcos Alonso kushoto, wote wa mguu sahihi. Ya pili ni kiungo cha watu wawili, ambao mara nyingi wanakutana na watatu. Alikuwa na N'Golo Kanté, Jorginho na Mateo Kovačić: chagua wawili, mmoja apumzike.

Rúben Amorim alianza United tarehe 24 Novemba 2024 kwa sare ya 1-1 na Ipswich. Kushoto Luke Shaw alikuwa majeruhi muda mwingi, kwa hiyo Diogo Dalot wa mguu wa kulia akapelekwa huko. Kila akipanda anasimama, anaurudisha mpira ndani, na wapinzani wameshajipanga. Patrick Dorgu alinunuliwa dirisha dogo, msimu ukiwa umeshapita nusu. Katikati, Casemiro alikuwa na umri wa miaka 32 na Christian Eriksen naye 32, na uwanja wa watu wawili ni mpana. Halafu kikosi kile kilinunuliwa kwa ajili ya mawinga, na mfumo huu hauna winga: Alejandro Garnacho alibanwa ndani asikokuzoea, Rashford na Antony wakatolewa kwa mkopo. Matokeo: pointi 27 kwa mechi 27 za ligi, jumla 42, na fainali ya Europa Ligi mjini Bilbao ikapotea 1-0 kwa Tottenham.

Kosa la kocha liko wapi basi? Katika kutopunguza dozi. Aliona hana watu wa pembeni, akaendelea. Wewe chukua hiyo, mkeo achukue iliyobaki.

Timu ikimfukuza kocha, mechi inayofuata mimi naiweka kwenye mkeka wa kubashiri ishinde. Nakosea? — Msomaji, Nakuru

Unakosea kwa sababu moja rahisi. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kuliko uwezo wake: imekosa penalti, mipira imegonga mwamba, majeruhi wamejaa. Mambo hayo hurudi kwenye wastani hata angeachwa palepale. Mchumi Mholanzi Bas ter Weel alifuatilia ligi ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004, akalinganisha timu zilizofukuza kocha na zile zilizoporomoka vilevile lakini hazikumfukuza. Zote zilipanda, karibu sawa. Waliofukuza wakasema ni kocha mpya, wasiofukuza wakasema ni uvumilivu.

Na wanaopanga bei za mikeka wanalijua hili kuliko sisi.

Baba yangu anadai kocha mpya akija katikati ya msimu wachezaji lazima waumie, na mfano wake ni Klopp. Ni kweli au ni hasira za uzee? — Msomaji, Mombasa

Mwambie mzee shikamoo, na kwamba ana hoja. Jürgen Klopp alifika Liverpool tarehe 8 Oktoba 2015. Hakuwa na maandalizi ya kabla ya msimu, na timu ilikuwa kwenye mashindano manne. Mpaka mwisho ilicheza mechi 63. Alidai wachezaji wakabe juu, wakimbize mpira ukipotea, wasimame, wakimbie tena. Mbio fupi za ghafla ndizo zinazovuta misuli ya nyuma ya paja, na misuli hiyo hujengwa Julai na Agosti kwa kuongezewa mzigo kidogo kidogo. Ukiipandishia mzigo Novemba, mechi zikiwa kila baada ya siku tatu, inachanika. Majira ya baridi yale Liverpool ilipoteza wachezaji kwa majeraha hayo mfululizo, ikamaliza ya 8 na pointi 60, ingawa ilifika fainali mbili na kupoteza zote.

Dalili za kuangalia: mchezaji anayeshika nyuma ya paja kabla ya dakika ya 30, bila kuguswa na mtu, na timu inayoruhusu mabao baada ya dakika ya 70 wiki hadi wiki. Ukiona hivyo, kocha anaikimbiza kuliko inavyoweza. Wenye busara hukaba juu dakika 15 za mwanzo za kila kipindi, kisha hurudi katikati kupumua.

Mtani wangu wa Simba anasema ubingwa wa Yanga wa 2024/25 hauna mwenyewe, maana makocha walikuwa watatu. Nimjibu nini? — Mwananchi, Dar es Salaam

Mjibu kwamba kombe liko Jangwani, makao ya Yanga, hayo mengine ni maneno. Ukishamaliza utani, kaa chini uuchambue msimu ule, kwani ni darasa zuri.

Miguel Gamondi, aliyekuwa ameshampiga Mnyama, yaani Simba, 5-1 Novemba 2023, alianza msimu huo kwa kushinda mechi 8 za ligi bila kuruhusu bao. Kisha ndani ya wiki moja ya Novemba 2024 akafungwa 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United. Akaondolewa. Mechi mbili mbaya baada ya nane safi! Kwa kipimo cha daftari tulilomweleza msomaji wa Mwanza, uamuzi ule hauna utetezi wa namba. Kama kulikuwa na sababu, ilikuwa nje ya uwanja au kwenye hofu ya Ligi ya Mabingwa iliyokuwa mlangoni.

Sead Ramović akaingia, na mechi yake ya kwanza ikawa hatua ya makundi: Al Hilal ya Sudan, Dar es Salaam, akafungwa 2-0. Ya pili, MC Alger ugenini, 2-0 tena. Zilizobaki nne: sare 1-1 na TP Mazembe Lubumbashi, ushindi 3-1 dhidi ya Mazembe nyumbani, ushindi 1-0 dhidi ya Al Hilal, na suluhu na MC Alger pale ushindi ulipohitajika. Pointi 0 kwa mechi mbili, pointi 8 kwa nne. Hapo unaona kazi ya kocha waziwazi, na unaona pia gharama ya kumleta siku chache kabla ya makundi: zile mechi mbili za kujifunza ndizo zilizowatoa. "Gusa achia twende kwao", kaulimbiu ya enzi za Ramović, ilikuwa falsafa ya kweli uwanjani, mguso mmoja au miwili kisha mpira unakwenda mbele, ila kiungo aliyezoea kutulia na mpira hawezi kuisahau tabia hiyo kwa wiki moja.

Februari 2025 Ramović akaenda zake Algeria, akaja Miloud Hamdi, akamalizia lala salama, na tarehe 25 Juni akamfunga Simba 2-0 kwenye mechi ya kiporo iliyoamua ubingwa.

Nani mwenye kombe? Angalia nani hakubadilika katika vipindi vyote vitatu: Djigui Diarra golini, Ibrahim Bacca na Dickson Job mbele yake, Pacôme Zouzoua na Prince Dube kule mbele. Kwenye ligi ambayo kikosi chako kimezizidi timu 12 au 13 kati ya 15 unazocheza nazo, kocha anaongeza pointi chache tu. Kwenye makundi ya Afrika, ambako Mazembe na Al Hilal wana watu wa uwezo huohuo, kocha ni nusu ya matokeo. Kwa hiyo kocha wa Yanga au wa Simba usimpime kwa 4-0 dhidi ya timu iliyosafiri kwa basi usiku kucha. Mpime kwa Azam, kwa mtani, na kwa Afrika.

Naangalia mpira banda umiza, runinga ni moja na watu ni mia. Nikiwa naangalia mechi ya kwanza ya kocha mpya, nitazame nini hasa? — Msomaji, Bujumbura

Tatizo la runinga ni kwamba kamera inafuata mpira, na kazi ya kocha iko mbali na mpira. Lakini kuna nyakati kamera inalazimika kurudi nyuma na kuonyesha uwanja. Zitumie hizo.

Goli kiki ya kwenu ni ya kwanza. Mabeki wa kati wakisimama ndani ya boksi, mmoja kila upande wa kipa, kocha anataka mpira uanze chini. Wakikimbilia katikati ya uwanja, ni mpira mrefu. Hesabu goli kiki 5 za mwanzo. Kama 4 ni za namna moja, hayo ni maelekezo. Zikichanganyika na timu haiko kwenye presha, bado hawajaelewana.

Kona yenu. Usiangalie waliojazana golini, angalia wamebaki wangapi nyuma. Wawili ni kocha anayekamia. Watatu au wanne ni kocha aliyekuja kuziba kwanza.

Mpira ukipotea, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Kama mtu wa karibu na mpira amekwenda na wenzake wawili wamefunga njia za pasi, ukabaji umefundishwa. Akienda mmoja peke yake huku wengine wanatembea, huyo ni mchezaji mwenye bidii tu, na dakika ya 60 atakuwa hoi.

Mstari wa mabeki ni mgumu kuuona, ila bendera ya kuotea itakusaidia. Unai Emery aliipokea Aston Villa Novemba 2022 ikiwa na pointi 12 kwa mechi 13. Akamaliza wa 7 na pointi 61, na msimu uliofuata wa 4. Silaha yake moja ilikuwa kupandisha mabeki wote pamoja ili washambuliaji waotee. Wapinzani wakinaswa mara 3 au 4 kipindi kimoja, ujue mstari unafundishwa. Ukiona mpira mrefu umepita juu ya mabeki na mshambuliaji yuko peke yake na kipa, usianze kwa kumlaumu beki: subiri marudio, mwangalie aliyepiga pasi. Kama hakuna aliyemsogelea, kosa limeanzia kiungo, kwani mabeki hawatakiwi kupanda wakati mpigaji ana muda wa kuinua kichwa.

Mwisho, mabadiliko ya wachezaji. Andika dakika, nani kwa nani, na matokeo yalikuwaje wakati huo. Baada ya mechi 6 utaona kama kocha anabadilisha kwa kusoma mchezo au anasubiri dakika ya 75 kila siku. Na kaa upande ambao nguzo ya banda haizibi goli mnaloshambulia kipindi cha pili, maana huko ndiko mabadiliko hayo yatajibiwa.